Aina Adimu za Viazi na Bustani Zilizozitunza

Kiazi mviringo kilianza kulimwa katika nyanda za juu za Andes, kuzunguka Ziwa Titicaca, kusini mwa Peru na magharibi mwa Bolivia ya leo, yapata miaka 8,000 iliyopita. Mmea wa porini uliotangulia ulizaa viazi vidogo, vichungu, vyenye sumu ya kumdhuru mlaji. Wakulima walichagua, msimu baada ya msimu, mashina yaliyozaa vizuri na kulika bila madhara, na kwa kuwa kila kijiji kilichagua kwa haja zake na kwa udongo wake, hakikupatikana kiazi kimoja bali maelfu. Leo aina za kienyeji zinazojulikana katika milima hiyo zinapita 4,000. Vipo viazi vyekundu, vyeusi, vya zambarau hadi ndani, vya njano iliyokolea, na vyenye duara la rangi mbili vikikatwa. Vipo virefu vilivyopinda na vipo vilivyojaa vifundo hata kisu hakijui pa kuanzia. Aliyezoea viazi vya gunia la sokoni akiviona vimemwagwa pamoja atapata taabu kuamini kwamba vyote ni jamii moja.

Historia ya aina hizo, tangu zilipochaguliwa mara ya kwanza hadi zilipofika mabara mengine, ni historia ya bustani na vishamba vya nyumbani kuliko historia ya mashamba makubwa. Soko limependa siku zote kiazi cha umbo moja, chenye ganda laini na macho machache, kinachomenyeka upesi na kuvumilia safari ya lori. Kiazi chenye tabia nyingine kilihitaji mtu wa kukipanda kwa sababu isiyo ya fedha: ladha yake, uvumilivu wake wa baridi, au mazoea tu ya kukiona kwenye sahani ya nyumbani.

Katika Andes sababu ya kupanda aina nyingi ilikuwa usalama wa chakula. Familia ya Kikechua au ya Kiaimara haikuwa na shamba moja kubwa, bali vipande kadhaa vilivyotawanyika kwenye miinuko tofauti, kimoja bondeni na kingine juu karibu na mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua ya mawe ikipiga upande mmoja wa mlima, upande wa pili husalimika. Baridi kali ya usiku ikiua aina moja, jirani yake kwenye tuta lilelile huenda ikastahimili. Kwa hiyo mkulima alichanganya aina nyingi katika kipande kimoja na kuzivuna kwa pamoja, huku viazi vya kuuza vikipandwa peke yake mahali pengine. Mgawanyo huo upo hadi leo: shamba la soko lina aina moja au mbili, na kipande cha kula nyumbani kina mchanganyiko ambao mama mwenye nyumba anaujua kwa majina.

Majina yenyewe yamebeba mila. Kipo kiazi chenye vifundo ambacho kwa Kikechua huitwa *llumchuy waqachi*, yaani kinachomliza mkwe, kwa sababu inasemwa bibi harusi alipewa akimenye mbele ya mama mkwe, na ustadi wa mikono yake ukapimwa kwa unene wa maganda aliyoyatupa. Kingine kimepewa jina la wayo wa puma kutokana na umbo lake. Mkulima mzoefu huitambua aina kwa ua, kwa jani, kwa macho ya kiazi na kwa jinsi kinavyopasuka kikichemka.

Udongo ulilimwa kwa *chakitaqlla*, jembe refu la kukanyagiwa kwa mguu ambalo hugeuza bonge la nyasi bila kuhitaji ng'ombe, na linalofaa kwenye miteremko ambako plau haiwezi kwenda. Kwenye tambarare za Titicaca watu wa kale walijenga matuta mapana yaliyozungukwa na mifereji ya maji. Maji yalipokea joto la jua mchana na kulitoa usiku, na mimea iliyokuwa juu ya tuta ikaokoka baridi ambayo ingeiua palipo pakavu. Baada ya mavuno ya viazi, ardhi ilipumzishwa miaka kadhaa kwa zamu iliyopangwa na kijiji kizima, jambo lililopunguza minyoo na magonjwa ya udongoni. Wataalamu wa kilimo wa karne ya 20 walipouchunguza utaratibu huo hawakuwa na mengi ya kuuongezea.

Baadhi ya aina za juu kabisa ni chungu hata leo. Hizo hazichemshwi na kuliwa vivi hivi. Hugeuzwa kuwa *chuño*. Kazi hiyo hufanyika mwezi Juni na Julai, wakati usiku huganda na mchana jua huwaka. Viazi hutandazwa kwenye nyasi, vikaachwa vigande usiku kucha, vikayeyuka mchana, na baada ya siku chache wanafamilia huvikanyaga kwa miguu mitupu ili maji yatoke pamoja na uchungu wake. Kisha hukaushwa hadi vinakuwa vyepesi na vigumu. Aina nyeupe ya chakula hicho hulazwa kwanza katika maji baridi ya mto kwa wiki kadhaa. Chuño kilichokauka vizuri hukaa ghalani miaka bila kuharibika, nacho ndicho kilicholisha majeshi ya Inka na, baada ya ushindi wa Wahispania, wachimbaji wa fedha wa Potosí. Kando ya Titicaca kuna pia desturi ya kula viazi vichungu pamoja na mchuzi wa udongo mfinyanzi mweupe, ambao hunasa sumu tumboni isiingie mwilini.

Jambo moja la kiini cha mmea lafaa kuelezwa hapa, maana bila hilo historia yote inayofuata haieleweki. Kiazi huzaliana kwa njia mbili. Kikipandwa kiazi chenyewe, au kipande chenye jicho, shina jipya huwa nakala kamili ya mama yake. Ndiyo maana aina inaweza kudumu mamia ya miaka bila kubadilika. Lakini mmea ukichanua na ua likachavushwa, hutoa tunda dogo la kijani linalofanana na nyanya changa, lenye sumu na lisiloliwa. Ndani yake kuna mbegu ndogo sana, pengine zaidi ya mia moja, na kila mbegu huzaa mmea tofauti na mama na tofauti na ndugu zake. Aina zote mpya zimetoka kwenye tunda hilo, isipokuwa chache zilizotokea kwa jicho moja kugeuka lenyewe. Wakulima wa Andes waliacha mimea iliyojiotea kando ya shamba, karibu na jamaa zake wa porini, na wakiona kiazi kizuri kimejitokeza walikichukua, wakakipa jina, wakakigawa kwa ndugu na majirani.

Wahispania walikutana na zao hilo katika miaka ya 1530. Safari yake ya kwanza iliyoandikwa kuelekea Ulaya bara haikuanzia Peru moja kwa moja: mwaka 1567 shehena iliyokuwamo viazi ilisafirishwa kutoka Gran Canaria, katika visiwa vya Kanari, kwenda Antwerp, na mwaka 1573 hospitali moja ya Sevilla ilinunua viazi kwa ajili ya chakula cha wagonjwa wake. Kanari zimebaki hazina ya ajabu. Kwenye miteremko ya Tenerife familia bado zinalima aina za kale, zikiwemo nyeusi zenye mnofu wa njano, ambazo ni za ukoo wa Andes hasa na hazikupitia mabadiliko yaliyovipata viazi vya Ulaya bara.

Huko bara, kiazi kilikaa bustanini karibu karne mbili kabla ya kuingia mashambani. Mwaka 1588 mtaalamu wa mimea Carolus Clusius, akiwa Vienna, alipokea viazi viwili kutoka kwa gavana wa mji wa Mons, akavipanda na kuvisambaza kwa marafiki zake wenye bustani. Mwaka 1596 Gaspard Bauhin wa Basel aliupa mmea jina la Kilatini ambalo bado linatumika, *Solanum tuberosum*. Mwaka uliofuata John Gerard wa London alichapisha kitabu chake cha mimea akiwa amechorwa na tawi la kiazi lenye maua mkononi. Kwa wasomi hao mmea huo ulikuwa pambo na kitu cha udadisi, na ua lake lilithaminiwa kuliko kiazi chenyewe.

Ucheleweshaji huo ulikuwa na sababu ya msingi, nayo ni mwanga wa jua. Viazi vya Andes vimezoea mchana wa saa 12 hivi, wa karibu na ikweta. Katika kiangazi cha Ulaya, ambapo jua hukaa angani saa 16 au zaidi, mmea huo hustawi majani na kuchanua lakini haufanyi viazi. Husubiri hadi siku zifupike mwezi Septemba na Oktoba, na wakati huo baridi iko mlangoni. Waliofanikiwa mwanzoni walikuwa wale wa maeneo yenye vuli ya upole, kama Ireland na pwani za magharibi. Kwingineko wenye bustani walipanda mbegu za matunda ya mmea huo, wakachagua mimea michache iliyowahi kuzaa, na kuirudia tena na tena. Baadaye damu mpya ilitoka kisiwa cha Chiloé, kusini mwa Chile, ambako viazi vilikuwa vimezoea siku ndefu kwa muda mrefu. Kufikia karne ya 19 kiazi cha Ulaya kilikuwa kimekuwa mmea mwingine kitabia: kinazaa mapema na kwa wingi, lakini kimetoka kwa mababu wachache sana.

Uchache huo ulilipiwa kwa gharama kubwa. Nchini Ireland, maskini waliokodi robo eka au nusu eka walitegemea kiazi kama chakula pekee, na aina iliyozaa kwa wingi katika ardhi duni ilikuwa ile iliyoitwa Lumper. Kila shina la Lumper lilikuwa nakala ya jingine. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu unaosababishwa na kiumbe kiitwacho *Phytophthora infestans* uliingia kutoka Amerika. Majani yaligeuka meusi kwa siku chache na viazi vikaoza ardhini. Ugonjwa ulirudi mwaka uliofuata kwa ukali zaidi, huku nafaka na mifugo ikiendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8.2 katika kisiwa hicho. Ile ya 1851 ilihesabu milioni 6.6. Karibu milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja walihama. Sera za utawala na umaskini wa wapangaji vilibeba sehemu kubwa ya lawama, lakini ugonjwa ulipata njia nyeupe kwa sababu mashamba hayakuwa na kitu cha kuuzuia.

Baada ya maafa hayo kuzalisha aina mpya kukawa jambo la haraka, na kwa miaka 60 iliyofuata kazi hiyo ilifanywa zaidi na watu wa kawaida kwenye bustani zao. Mchungaji Chauncey Goodrich wa Utica, New York, alipata viazi vya Amerika Kusini mwaka 1851, akavioteshea mbegu na kupata Garnet Chili. Kutokana na kiazi hicho, Albert Bresee wa Vermont alipata Early Rose mwaka 1861, kiazi cha waridi kilichowahi kukomaa na kikaenea Marekani na Ulaya. Early Rose ilikuwa na sifa ya kuchanua bila kutoa tunda. Ndiyo maana kijana Luther Burbank, mapema miaka ya 1870, alishtuka kuona tunda moja kwenye shina la Early Rose katika bustani ya mama yake huko Lunenburg, Massachusetts. Alilisubiri likomae, na siku aliyokuja kulichuma hakulikuta. Alitafuta ardhini kati ya mashina hadi akaliona limeanguka. Lilikuwa na mbegu 23. Alizipanda zote, na mmoja kati ya miche hiyo ulizaa viazi virefu, vyeupe, vikubwa kuliko vyote alivyovijua. Aliuza haki yake kwa mfanyabiashara wa mbegu kwa dola 150 na kwa fedha hizo akahamia California. Badiliko la kiazi hicho lenye ganda la kukwaruza, Russet Burbank, likaja kuwa kiazi cha chipsi cha Marekani. Zao kubwa la viwanda lilitoka, basi, kwenye tunda moja lililookotwa bustanini.

Uingereza ilikuwa na hadithi zake. William Paterson wa Dundee alitoa Victoria mwaka 1863, mzazi wa aina nyingi. Kiazi cha King Edward, cheupe chenye mabaka ya waridi, kilizalishwa na mtunza bustani wa Northumberland na kupewa jina la mfalme aliyetawazwa mwaka 1902. Miaka miwili baadaye tamaa iliwapanda watu: ratili moja ya mbegu ya aina mpya iliyoitwa Eldorado iliuzwa hadi pauni 150, kisha ikaonekana kuwa ni dhaifu kwa magonjwa na bei ikaporomoka. Mwenye subira zaidi alikuwa Donald McKelvie, mwenye duka katika kisiwa cha Arran, Scotland, aliyetoa msururu wa aina zenye jina la kisiwa chake. Arran Victory ya mwaka 1918, iliyoitwa kwa ushindi wa vita, ina ganda la buluu iliyokolea na mnofu mweupe wa unga, na hadi sasa hupandwa na wapenzi wa viazi ingawa maduka makubwa yaliiacha zamani.

Scotland na visiwa vyake vilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu ileile inayofanya miinuko ya Andes kuwa chanzo cha mbegu safi. Adui mkuu wa aina ya zamani ni virusi, kuliko hata ukungu. Kwa kuwa kiazi hupandwa kutokana na kiazi, ugonjwa wa virusi ukiingia mwaka huu utakuwapo mwaka ujao na kuongezeka, hadi shina linadumaa, majani yanajikunja na mavuno yanakuwa ya vijipunje. Wasambazaji wake ni vidukari, na vidukari ni wachache palipo na baridi na upepo. Wakulima wa Andes walijua bila darubini kwamba mbegu ya bonde "huchoka" na ya juu huwa na nguvu, wakashusha mbegu kutoka juu kila baada ya misimu michache. Wengi wa wenye bustani Ulaya hawakuwa na mlima wa kushushia, na aina nyingi za karne ya 19 zilikufa kwa kuchoka hivyo.

Nyingine ziliuawa na sheria. Ugonjwa wa uvimbe wa viazi, unaokaa udongoni miaka mingi, ulipoenea Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ilikataza aina zisizouhimili kupandwa katika ardhi iliyoambukizwa, na aina nyingi za kale zikatoweka. Mwaka 1973, Uingereza ilipojiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, ikaja orodha ya taifa: mbegu isiyosajiliwa haikuruhusiwa kuuzwa, na usajili ulikuwa na ada ambayo hakuna mtu angeilipa kwa kiazi kinachopandwa na wazee wachache. Lengo lilikuwa kumlinda mnunuzi asiuziwe mbegu mbovu, na lengo hilo ni zuri. Matokeo yake kwa aina adimu yalikuwa hukumu ya kimya.

Walioziokoa ni wenye bustani waliobadilishana bila kuuza. Pink Fir Apple, kiazi kirefu cha waridi chenye vifundo kilichojulikana Uingereza tangu katikati ya karne ya 19, Edzell Blue na Shetland Black zenye ganda la zambarau, na Vitelotte ya Ufaransa iliyo nyeusi hadi ndani, zilipita mkono kwa mkono hadi wapishi na wauza mbegu walipozikumbuka tena. Lawrence Hills, aliyeanzisha chama cha utafiti wa kilimo hai nchini Uingereza, alianza maktaba ya mbegu za kale katika miaka ya 1970. Mwaka 1975 nchini Marekani Diane Ott Whealy na Kent Whealy walianzisha mtandao wa kubadilishana mbegu unaoitwa Seed Savers Exchange, wenye makao Iowa leo, ambamo wanachama hutunza mamia ya aina za viazi. Ujerumani ilipata mgogoro wa wazi zaidi: kiazi cha Linda, cha mwaka 1974, kilipendwa kwa mnofu wake wa njano wenye ladha ya siagi, lakini haki za mzalishaji zilipokwisha baada ya miaka 30 kampuni iliyokimiliki ilikiondoa kwenye orodha. Wakulima na walaji waliandamana, wakaendelea kukipanda, na mwaka 2010 kikasajiliwa upya nchini humo.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na kisa cha Leningrad, ambacho kinastahili kukumbukwa kuliko vingine. Katika miaka ya 1920 Nikolai Vavilov, mkuu wa taasisi ya mimea ya mji huo, aliwatuma wanasayansi wake, wakiwemo Sergei Bukasov na Sergei Juzepczuk, kukusanya viazi vya Amerika Kusini, nao wakarudi na mkusanyiko ambao dunia haikuwa imeuona. Majeshi ya Ujerumani yalipokaribia mwaka 1941, Abraham Kameraz na Olga Voskresenskaya walivichimbua viazi kutoka kituo cha Pavlovsk chini ya mizinga na kuvihamishia mjini. Wakati wa baridi, mji ukiwa umezingirwa na watu wakifa kwa njaa kwa maelfu, wafanyakazi wa taasisi hiyo walivitunza gizani kwenye ghala la chini, wakiwasha kuni chache walizopata ili visigande. Baadhi ya wenzao walikufa njaa wakizungukwa na mbegu za chakula. Vavilov mwenyewe alifariki gerezani mwaka 1943. Viazi havikuliwa.

Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilianzishwa Lima mwaka 1971 na kukusanya maelfu ya aina za kienyeji. Hata hivyo benki ya mbegu ina upungufu wake: kiazi kinachokaa kwenye chupa ya maabara hakikutani na ukungu mpya wala baridi mpya, na hakiliwi na mtu. Karibu na Pisac, katika jimbo la Cusco, jamii za Kikechua ziliunganisha ardhi zao na kuunda Parque de la Papa, na mwaka 2004 zikatia saini mkataba na kituo hicho ili aina zilizopotea vijijini zirudishwe mashambani zikiwa zimesafishwa virusi. Sasa kuna zaidi ya aina elfu moja zinazopandwa kwenye miteremko hiyo. Wakulima wameona kwamba joto linapanda na aina za zamani zinahitaji kusogezwa juu zaidi kila muongo.

Afrika Mashariki ilipokea zao hili likiwa limekwishapita Ulaya. Wamisionari na walowezi walilileta Kenya miaka ya 1880, na likatulia katika nyanda za Kiambu, Murang'a na Nyeri, baadaye Meru na Nyandarua. Wajerumani na Wabelgiji walilipeleka Rwanda, Burundi na Kivu. Nchini Tanzania lilishika Usambara na Nyanda za Juu Kusini, Mbeya, Njombe na Iringa. Nchini Uganda likashika Kigezi. Aina zilizopandwa mwanzoni zilikuwa zilezile za bustani za Ulaya. Kerr's Pink, iliyozalishwa Banffshire, Scotland, mwaka 1907, iliishia kwenye mashamba ya Wakikuyu. Dutch Robijn ya Uholanzi, nyekundu kwa nje, bado inalimwa Bomet kwa ajili ya krispi. Ukungu ulifika Kenya mwaka 1941, na hapo ndipo aina mpya kutoka kituo cha utafiti cha Roslin huko Scotland zilipoletwa kujaribiwa, ikiwemo B53. Kituo cha Tigoni, karibu na Limuru, kilichukua kazi hiyo na kutoa aina za Asante na Tigoni mwaka 1998, huku kituo cha Uyole, Mbeya, kikitoa Baraka, Sasamua na Kikondo.

Jua la ikweta, kwa bahati, linaelekeana na la Andes, na viazi vya siku fupi vingeweza kustawi hapa bila taabu iliyowapata Wazungu. Wenye bustani wa milimani huku wamekuwa wakitunza pembeni aina zilizoachwa na soko: kiazi kidogo cha zambarau cha kuchemsha na maharage, au chekundu cha zamani kisichooza haraka. Mbinu ya kuzitunza haijabadilika. Shina lenye afya huwekewa kijiti lingali kijani, na mbegu huchaguliwa hapo, si kwenye rundo baada ya kuvuna, ambako vijipunje vya mashina yaliyoambukizwa huonekana kama mbegu za kawaida. Udongo huinuliwa mara mbili kufunika viazi, maana kinachopigwa na mwanga hugeuka kijani na kujaa sumu. Kipande cha ardhi hakipandwi viazi, nyanya wala biringanya tena kwa misimu mitatu au minne, kwa sababu mnyauko wa bakteria hushambulia mazao hayo yote. Kila aina hutengwa kwa tuta lake na alama yake. Zikichanganyika bila alama, baada ya misimu miwili hubaki ile yenye nguvu tu.

Aina inayotawala soko la Kenya leo, Shangi, haikuanza kwenye mpango wa wizara. Ilisambaa kwanza mikononi mwa wakulima wenyewe, waliopeana kwa debe na kwa kikapu kwa kuwa inakomaa upesi na kuiva haraka jikoni, ndipo watafiti wakaichunguza na kuiingiza kwenye orodha rasmi. Udhaifu wake unajulikana na kila anayeilima: huchipua wiki chache baada ya kuvunwa na haikai ghalani. Viazi vinavyokaa muda mrefu bila kuchipua vipo bado, ndani ya bustani za wazee wa Kiambu, Lushoto na Kigezi, na wanaovipanda hupungua kila mwaka. Mwenye kipande cha ardhi katika nyanda hizo anaweza kuomba mbegu mbili tatu kwa jirani na kuzipa tuta moja msimu huu.